Gitaa ya Shakuru Kushoto Mikononi mwa Mutoto wa Mawazo

Nakuambia mapema kabisa: hutaamini. Watu zaidi ya mia tatu walikuwa mu salle, ukumbi umejaa, simu zote juu, na mpaka leo kuna watu wanaangalia ile video wanasema imepikwa. Haijapikwa! Ilitokea Bwiza, hapa Bujumbura, Jumamosi, mchana kweupe, jua linawaka. Kaa vizuri, soma polepole.

— Gitaa iko wapi?

Hayat alikuwa kwenye kiti nyumbani kwao, jicho moja limepakwa wanja, lingine bado, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Rafiki yake Soumaya, mwenye kumpaka, alikuwa ananyoosha shingo asikie kila kitu.

— Iko mgongoni kwangu, sheri. Tunakuja, mi na yeye, mpenzi wake Moubarak akajibu, pumzi juu juu.

— Mnakuja na nini? Ni saa nane hii! Tunaanza saa kumi!

— Na muguu. Essence hakuna, magari yamekosa mafuta, basi nimesubiri saa nzima hata moja haikupita. Nimetoka nyumbani Buterere saa saba.

— Mwambie akimbie! Soumaya akapiga kelele. Mwanaume gani anatembea kama amebeba mayai?

— Nimemusikia huyo. Mwambie nimebeba kitu kinazidi mayai. Hayat, nimekufanyia kitu...

— Kitu gani?

— Utaona. Utalia wewe.

Kwenye chumba cha pili mama akakohoa. Hayat akakata simu haraka.

Sasa ngoja nikuambie hiyo gitaa ni gani. Kama ulioa, uliolewa ao ulitahiriwa Bwiza ao Buyenzi miaka ile ya zamani, basi Shakuru Kushoto alikupigia gitaa, na mama yako alicheza mpaka kitenge kikafunguka. Ndiye aliyeanzisha bendi ya Orchestre Nuru ya Bwiza. Walimuita Kushoto ju alikuwa anapiga na mukono wa kushoto, na hakuna mutu aliyewahi kupata ile sauti yake, hata walioenda kusoma muziki Ulaya.

Alikufa miaka saba iliyopita. Akaacha gitaa nyekundu ukutani, mjane mmoja mkali, Mama Adija, na binti mmoja, Hayat, naye wa kushoto vile vile. Alipokuwa mdogo bibi yake alikuwa anampiga kikofi kwenye sahani, eti Muislamu hali na kushoto. Baba anacheka: "Kula na mukono wa kulia, mwanangu. Huo mwingine tuachie muziki." Akamfundisha mwenyewe, kwenye ile gitaa nyekundu, mpaka mutoto akawa anapiga kama ameazima vidole vya baba.

Jumamosi hiyo Muzee Shaabani, muimbaji anayeongoza orchestre tangu Shakuru afe, sauti imechoka na magoti pia, alikuwa anamkabidhi Hayat orchestre mbele ya watu. Sharti moja tu: apige wimbo wa baba yake, "Adija Nisubiri", mwanzo mpaka mwisho.

Lakini Hayat hakuwa anawaza orchestre peke yake. Mama Adija alikuwa amemuambia hivi:

— Siku utakapokabidhiwa kiti cha baba yako, nitajua umekuwa mutu mzima. Kesho yake hao watu wako walete posa, nitawasikiliza. Lakini ukianguka, tusiongee tena habari ya huyo kijana. Umesikia?

Ju wajomba wa Moubarak walikuwa wameshaleta posa mara mbili, na mara mbili mama alirudisha sinia na vitu vyake. Si kwamba Moubarak ni mutu mbaya. Anaswali, anafanya kazi, anatengeneza redio, ampli, gitaa, kila kitu chenye kulia. Shida ni baba yake. Baba yake ni Muzee Mawazo wa Uvira, anayekaa Buterere, mupiga gitaa mwingine mkubwa, ambaye Shakuru alianza naye ujanani kisha wakaachana vibaya. Vibaya namna gani, hakuna mutoto aliyeambiwa. Kwa kina Hayat jina la Mawazo halitajwi. Kwa kina Moubarak jina la Shakuru halitajwi. Zaidi ya miaka thelathini hivyo.

Na sasa sikia kosa alilofanya Hayat. Jumatano gitaa ilianza kulia zzzz, kama nzi ndani ya chupa. Bujumbura nzima fundi anayemwamini ni mmoja. Akaifunga kwenye mukeka, Soumaya akaibeba kichwani kama anaenda kwa mwalimu wa Kurani, ikafika Buterere. Mama hakujua, alifikiri iko kwenye mazoezi na wenzake! Gitaa ya Kushoto, kwenye nyumba ya Mawazo!

Saa kumi kasoro dakika kumi Moubarak akatokea mlango wa nyuma wa salle, Hayat anamsubiri pale, shati limemgandia, viatu vyeupe kwa vumbi.

— Shika. Fungua uone.

— We una wazimu? Mama yuko hapo nyuma ya pazia!

— Fungua kidogo tu, Hayat. Nimelala nikiwaza sura yako.

— Ile zzzz imeisha?

— Imeisha siku ya kwanza. Zingine mbili nimefanya kazi ya maana.

— Kazi gani ya ma...

Pazia likafunguka. Mama Adija, kitenge cha bluu, dhahabu masikioni, macho kama askari wa mpakani.

— Na huyu?

— Shikamoo mama, Moubarak akasema.

— Marahaba. Nani alikuita?

— Nimekuja kusikiliza, mama.

— Sikiliza ukiwa mbali. Kule mwisho kuna viti. Na we Hayat, hiyo gitaa inafanya nini huku nje? Nilidhani imetangulia na wenzako.

Hayat akaikumbatia.

— Nilikuwa... naipunguzia joto, mama.

Soumaya akageuka ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Dakika tano baadaye simu ya Hayat ikatetemeka.

"Nimekuwekea zawadi ndani. Ukipiga tu utaisikia ❤️"

Akajibu: "Zawadi gani Moubarak? Usinitie presha."

"Baba yako angefurahi."

Hakuwa na muda wa kujibu. Ngoma zilikuwa zimeanza kuzunguka, Muzee Shaabani ameshika mikro na kitambaa cha jasho.

— Bwiza! Buyenzi! Na nyinyi wa Gihosha mlioshuka kwa muguu, karibuni, tunawapa pole ya vidole vya miguu! Leo mi nazeeka rasmi. Nani anashika Nuru?

— Hayat! Hayat! Hayat!

— Binti ya Kushoto, kuja mwanangu!

Vigelegele. Hayat akatoka, akachomeka waya kwenye ampli, akavaa gitaa. Hakuna hata sekunde ya kuionja, watu wameshasimama. Akafunga macho kama baba yake alivyokuwa anafanya. Akavuta pumzi. Bismillah. Vidole vikashuka.

Jamani.

Ilitoka sauti kama sahani zinaanguka jikoni.

Akafikiri amekosea. Akaanza tena. Sahani zikaanguka tena, na sufuria juu yake!  Kuna mama mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Yoo, mutoto wa watu..."

Hayat akafungua macho, akaangalia mukono wake. Hapo ndipo akaona.

Elewa hapa vizuri, ndiyo siri yenyewe. Gitaa ya Shakuru ilikuwa ya kawaida, imetengenezwa kwa watu wa kulia. Yeye alikuwa anaigeuza tu, anaishika upande wa pili, bila kubadilisha kamba. Kwa hiyo kamba nyembamba zilikuwa juu, nene ziko chini, kinyume cha gitaa zote za dunia. Vidole vyake vilizoea hivyo. Vidole vya Hayat vilizoea hivyo. Ile sauti ya Kushoto ilikuwa inatoka humo. Lakini Hayat hakuwahi kushika gitaa nyingine, alidhani siri iko kwenye ile nyekundu yenyewe.

Na sasa kamba nene zilikuwa juu, nyembamba chini. Zimepangwa sawasawa. Zimepangwa vizuri kabisa, kama kitabu kinavyosema gitaa ya mutu wa kushoto ipangwe.

Akatafuta kwa macho kule mwisho. Moubarak alikuwa amesimama juu ya kiti, anatabasamu mpaka masikioni, amemuinulia kidole gumba! Anafikiri zawadi imefika! Kisha akaona machozi ya Hayat. Kidole kikashuka polepole.

— Nani amegusa hii gitaa?

Sauti ya Mama Adija haikuhitaji mikro. Alikuwa ameshapanda jukwaani, ameshika shingo ya gitaa, anaangalia kamba moja moja. Miaka thelathini aliishi nayo chumbani, angeijua hata gizani.

— Nauliza, nani amegusa gitaa ya mume wangu?

Hayat angeweza kudanganya. Soumaya alikuwa anamtikisia kichwa: apana, apana, usiseme.

— Ni mi, mama. Ilikuwa inalia vibaya. Nikampa Moubarak.

— Moubarak yupi?

— Unamjua mama.

— Sema jina lote, watu wasikie.

— Moubarak wa Muzee Mawazo.

Salle ikalipuka! Wazee wakapiga makofi magotini. "Mawazo! Mawazo hajamuachia Kushoto hata kaburini!" "Wamemtuma huyo kijana!" Muzee Shaabani akachukua mikro.

— Jamani, jamani, tulieni. Tunapumzika nusu saa. Landry, panda kwenye kinanda, tutaendelea... tutaona.

Tutaona! Hayat akajua maana yake. Landry wa kinanda atapiga "Adija Nisubiri", orchestre itakuwa yake, na kesho hakuna posa, wala kesho kutwa, wala mwaka mwingine.

Kwenye kolido nyuma ya jukwaa, Moubarak akaja mbio, amesukuma watu wawili.

— Hayat, nisikilize...

— Ulifanya nini?

— Nilikuta kamba ziko kinyume. Nikajua mutu aliyezibadilisha mwisho alikosea. Nikasema, huyu musichana amepata shida miaka yote ju ya uzembe wa fundi mwingine. Nikanunua kamba mpya, nikachonga upya kale kamfupa ka shingoni kwa gitaa, zinapopita kamba, siku mbili nzima...

— Hukuuliza?

— Nilitaka kukushangaza.

— Nimeshangaa, Moubarak. Umeniona vile nimeshangaa?

— Hukuniambia baba yako alikuwa... mi sikujua! Kwetu hatutaji hata jina lake, ningejuaje alikuwa anapiga kinyume?

— Irudishe basi! Soumaya akasema. Una dakika ishirini na tano!

Moubarak akaangalia chini.

— Siwezi. Kamba nimezikata kwa kipimo. Na kamfupa ka zamani nilikatupa.

 Kisha Mama Adija akaja, na Moubarak, nampa heshima hapa, hakukimbia. Akapiga magoti pale pale kwenye simenti.

— Mama, kosa ni yangu. Si ya Hayat, si ya baba yangu. Baba hata hajui. Nilifanya kwa upendo.

— Upendo wako umemzika mume wangu mara ya pili, Mama Adija akasema. Ondoka.

Akaondoka. Hayat akakaa juu ya boksi la sono, la vyombo vya sauti, uso mikononi. Simu ikatetemeka.

"Nisamehe."

"Niachie."

"Nitatengeneza."

"Usitengeneze kitu tena. TAFADHALI. Usiguse kitu chochote changu."

Kijana akasoma hiyo akiwa nje, chini ya jua, watu wa Bwiza wanamnyooshea vidole. We ungeenda nyumbani ukalale. Yeye akafanya kitu kigumu kuliko vyote. Akapiga simu Buterere.

— Allo, baba?

— Mbona unalia? Umegongwa na gari?

— Apana baba. Nimeharibu gitaa ya watu.

— Mafundi wote wanaharibu. Ya nani?



— Ya Shakuru Kushoto.

Moubarak akaangalia kama simu imekatika.

— Baba?

— Iliingia kwangu? Kwenye nyumba yangu?

— Siku tatu. Chini ya kitanda changu.

— Uliifanya nini?

— Niligeuza kamba. Nilizipanga sawa.

— Yarabi! Muzee akapiga yowe. Uliigeuza! Mjinga wewe! Mutoto wa mjinga! Uko wapi?

— Bwiza, kwenye salle. Binti yake ameshindwa kupiga, baba, watu wote wameona. Wanasema ni wewe umenituma.

— Wana haki ya kusema. Mwambie Shaabani asifunge. Mwambie Mawazo amesema asifunge!

— Baba, unafanya nini?

— Nakuja.

— Na nini? Essence hakuna!

Simu ikakatwa.

Moubarak akarudi ndani, akamuambia Muzee Shaabani sikioni. Muzee akatoa macho. Kisha, we angalia wazee hawa, akapanda jukwaani akaanza kueleza historia ya orchestre tangu mwaka wa kwanza, mupiga ngoma wa kwanza, mke wa mupiga ngoma wa kwanza, mbuzi aliyekula maneno ya wimbo wa kwanza! Nusu saa ikawa saa nzima. Watu wanacheka, wanalalamika, Landry ananyoosha vidole kwenye kinanda, hapewi nafasi.

— Muzee, tupige basi! Landry akasema.

— Subiri, sijafika kwenye mbuzi wa pili.

Hapo mlango mkubwa ukafunguka.

Muzee mmoja mwembamba, kofia ya kufuma, shati la kijani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amekuja juu ya baiskeli ya kupakia mpaka pale baiskeli zinakatazwa kuingia mjini, akamalizia na muguu. Mgongoni amebeba gitaa bila hata mfuko.

Mutu mmoja akasema: "Mawazo." Kisha wote: Mawazo, Mawazo, Mawazo, mpaka jina likafika mbele kama upepo.

Mama Adija akasimama kumzibia njia.

— Umekuja kuangalia kazi yako?

— Shemeji.

— Mi si shemeji yako.

— Shakuru alikuwa kama mdogo wangu. Kwa hiyo we ni shemeji yangu, hata ukinitemea mate. Niruhusu niongee na huyu mutoto. Nikimaliza unifukuze mwenyewe, mbele ya watu, nitaenda.

Mama akaangalia vumbi lake. Akasogea. Nusu hatua tu, lakini akasogea.

Muzee Mawazo akapanda jukwaani. Hayat alikuwa ameletwa na Soumaya, macho mekundu, wanja umeshuka mpaka shavuni.

— We ndiye Hayat?

— Ndiyo muzee.

— Nionyeshe mukono.

Hayat akanyoosha wa kushoto. Muzee akauangalia muda mrefu, akatikisa kichwa.

— Ndio huo huo. Shika.

Akampa gitaa yake. Hayat akaipokea, akaiangalia.

— Muzee, hii ni ya kulia. Mi wa kushoto.

— Igeuze.

— Niigeuze?

— Igeuze mwanangu. Kichwa kule.

Hayat akaigeuza. Akaangalia kamba. Nyembamba juu. Nene chini.

 Kumbe gitaa yoyote ya kulia, ukiigeuza tu, inakuwa gitaa ya Shakuru! Mbele yake kulikuwa na muzee wa Uvira anayelijua hilo kabla yeye hajazaliwa.

Muzee Mawazo akachukua mikro.

— Watu wa Bwiza, mnanijua. Mi na Shakuru tulikuwa na gitaa moja, wapigaji wawili. Gitaa yangu. Akaniomba, kaka, nibadilishe kamba, mi wa kushoto. Nikamkatalia. Nikamuambia kama unataka, piga hivyo hivyo. Nilifikiri atachoka, aende kuuza samaki. Akaigeuza. Tukamcheka, mi wa kwanza. Miezi mitatu tukaacha kucheka.

Akafuta uso na kofia.

— Mwaka wa pili watu wakawa wanaita jina lake, si langu. Wivu ukanikamata. Nikamfukuza, nikamtupia nguo zake njiani, mvua inanyesha. Shemeji anajua, alikuwa amebeba hizo nguo. Mutu mbaya kwenye hii habari ni mi. Mutoto wangu angejua haya yote kama ningekuwa na ujasiri wa kutaja jina la rafiki yangu nyumbani kwangu. Hakukosea yeye. Nilimuficha mi. Basi. Piga, mwanangu.

Hayat akamuangalia mama. Mama alikuwa ameziba mdomo na kitenge.

Akafunga macho. Bismillah. Vidole vikashuka.

Wewe! "Adija Nisubiri" ikatoka pale kama mutu amefungua mlango na Shakuru mwenyewe ameingia na viatu vyake vyeupe vya jukwaani! Wazee wakasimama, kuna bibi mmoja alitupa fimbo yake. Soumaya akaanza kuitikia, Muzee Shaabani akaimba na sauti aliyosema imekwisha, na Landry, mutoto mzuri yule, akaacha hasira akamfuata kwenye kinanda. Mwanzo mpaka mwisho, bila kosa hata moja!

Ilipoisha, Muzee Shaabani alitaka kusema maneno rasmi, hakuna aliyemsikiliza. Watu walishamaliza: "Hayat! Hayat! Hayat!"

Yeye akavua gitaa, akasogelea mikro.

— Asanteni. Kuna mutu mmoja amejificha nyuma ya baffle, hii spika kubwa. Nimeona viatu vyake. Moubarak, toka.

Kicheko mu salle nzima. Moubarak akatoka, kichwa chini kama anapelekwa kwa mkurugenzi wa shule.

— Uliharibu gitaa ya baba yangu, Hayat akasema, mikro bado iko wazi.

— Ndiyo.

— Bila kuuliza.

— Ndiyo.

— Na kisha ukampigia simu mutu ambaye hatakiwi hapa, ukijua atakutukana.

— Alinitukana sana.

— Na mi nimekasirika mpaka hapa. Akaonyesha kwenye paji la uso. Lakini sijaacha kukupenda, na hiyo ndiyo inanikasirisha zaidi.

Vigelegele mpaka mabati yakatetemeka! Kisha watu wote wakageuka, ju Mama Adija alikuwa anapanda ngazi. Akapita mbele ya binti yake, akapita mbele ya Moubarak, akasimama mbele ya Mawazo.

— Zile nguo, nilizikausha siku mbili.

— Najua, shemeji.

— Zilinuka matope wiki nzima.

— Nisamehe.

— Alikufa anakuulizia. Aliniuliza kama bado uko Buterere. Mi ndiye nilisema sijui.

Muzee akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Mama Adija akavuta pumzi, akachukua mikro kutoka kwa Hayat.

— Nilisema Jumapili, na mi sibadilishi neno. Kesho saa tisa mlete posa yenu. Shemeji, utangulie wewe mbele na hiyo sinia. Lakini huyu kijana wako, akaguliwe mfuko mlangoni. Akiingia kwangu na turunevisi, bisibisi yoyote ile, mnarudi Buterere!

Wee! Salle ilipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakaingia kuuliza nani amekufa.

Posa ilikubaliwa. Lakini kabla ya nikaha Mama Adija aliweka sharti la mwisho: gitaa irudi kama ilivyokuwa, na itengenezwe na yule yule aliyeiharibu, sebuleni kwake, mchana, mbele ya macho yake. Moubarak akakaa kwenye mukeka siku nzima, mama kwenye kiti juu yake, Hayat na Soumaya mlangoni wanabana vicheko.

— Hiyo nene umeiweka wapi?

— Chini, mama.

— Nionyeshe.

— Hii hapa, chini.

— Na hiyo nyembamba?

— Juu, mama.

— Nani alikuambia iwe juu?

— Nimeuliza, mama.

— Umemuuliza nani?

— Mwenye gitaa.

Mama akaangalia dirishani ili asionekane anacheka.

— Endelea.

Walioana Ijumaa, baada ya swala. Bibi harusi alipiga wimbo mmoja na nguo yake ya harusi, baba mkwe akamfuata na gitaa ya pili, mmoja kushoto mmoja kulia, watu wakalia na kucheka kwa pamoja.

Sasa niambie ukweli, usijifanye mutu mzuri hapa kwenye comment. Mutu unayempenda amechukua kitu kimoja tu alichokuachia baba yako, amekibadilisha bila kukuuliza, umeaibika mbele ya watu mia tatu, na yeye amesimama juu ya kiti anakuinulia kidole gumba. We ungemuita atoke nyuma ya baffle? Ao ungemuacha huko huko?